Walikaa Bila Mimi

Kituo chetu cha utafiti wa figo hakikuwa na viti vya mkutano, na aliyeviondoa ni mimi. Siku ya kwanza kabisa, wakuu wa hospitali kubwa, wa chuo na wa maabara ya maji walipokutana ili kuanza kazi ya pamoja, walibishana nani akae kichwani mwa meza mpaka chai ikafanya utando. Mimi, meneja niliyeajiriwa wiki ileile, niliwatazama watu wazima wenye shahada zao wakivutana kwa adabu kama watoto wanaogombea dirisha la gari. Mkutano uliofuata walikuta meza imekwenda stoo na viti vimeifuata. Nikawaambia tutazungumza tukiwa wima koridoni, mbele ya chumba cha majokofu. Walinung'unika, lakini walisimama. Mambo ambayo yangekula asubuhi nzima yakaisha kabla miguu haijachoka.

Vijana wa maabara wakakataa kuuita mkutano ule kikao. "Kikao ni cha kukaa," walisema. "Hiki ni kisimamo." Jina likashika. Na sheria ikashika nalo: jambo la kituo huamuliwa kisimamoni, mbele ya wote, na likisemwa kwingine ni maongezi tu. Ndiyo maana kwetu hukusikia mtu akisema "tulipokaa tulikubaliana". Tulisema "tuliposimama". Hata mgeni, baada ya muda mfupi, ulimi wake ulizoea.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa la kufulia mashuka ya hospitali. Sakafu ya korido inainamia mfereji wa katikati, na kalamu ikikuponyoka huna haja ya kuikimbilia, unaisubiri mferejini. Siku za mvua kuta bado zilitoa harufu ya sabuni. Chumba cha majokofu kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa chuma, na ngurumo yake ilikuwa haikomi usiku wala mchana. Mgeni alipaza sauti ili asikike. Sisi tulishaacha kuisikia.

Ndani ya majokofu hayo ndimo ulimokuwa utajiri wetu. Mgonjwa anayekubali huchomwa sindano mgongoni, akatolewa kinofu cha figo chembamba kama uzi wa kushonea. Kinofu kile, damu yake, mkojo wake na maji ya bomba au kisima anachotumia huhifadhiwa pamoja, kwa namba moja. Mama Hadubini, daktari kutoka chuoni, aliangalia makovu ya nyama kwa hadubini yake. Bwana Maji, mkemia mnene mwenye mdomo usiopumzika, alipima maji. Mpwa wangu, ambaye wote tulimwita Daktari, alichunguza vinasaba. Walikuwa wanatafuta kwa nini watu wasio na kisukari wala shinikizo la damu wanaharibikiwa na figo wakiwa bado na nguvu za kubeba gunia. Kila mmoja wao peke yake aliona kipande tu cha jibu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vipande havitengani. Makovu siyajui na vinasaba sivijui. Ninachojua ni kuwafanya watu wasiopendana watumie chumba kimoja bila kuvunja vyombo.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, dada niliye naye mmoja tu, ananifuata mimi. Baba wa mtoto alitoka kwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi, nami nikahamia kwao. Jioni tulitumia meza moja, yeye na hesabu zake za shule ya msingi, mimi na zangu za madarasa ya jioni ya watu wazima. Yeye alimaliza kabla yangu kila siku.

"Mjomba, bado uko kwenye sehemu tu?"

"Niache. Mimi natafuna, wewe unameza."

Na alimeza kweli, mpaka akawa daktari. Alipoomba kazi kituoni nilitoka chumbani wakati wasaili wanamjadili, nikaenda kusimama uani, nisisikie wala nisionekane. Haikusaidia. Kila akipita getini mlinzi alimpigia saluti na kusema, "Wenzetu mna mjomba! Sisi wengine tuna shangazi tu, naye amestaafu." Mpwa alicheka. Mimi nilikuwa nikivimba kifua, sioni aibu kusema.

Dada naye alikuwa katika majokofu yale. Figo zake zilipoanza kuchoka alikubali sindano, akawa miongoni mwa wagonjwa wetu wa mwanzo. Siku hizi alikuwa anasafishwa damu kwa mashine katika hospitali kubwa, anatoka huko amelegea kama nguo iliyokamuliwa, lakini mdomo wake hakuna mashine iliyouweza.

Sasa basi. Dada alinipigia simu wiki iliyotangulia mambo haya.

"Kaka, naomba viti vyako vile vyekundu. Nina wageni."

"Wageni gani?"

"Wa kikundi chetu cha akina mama. Unataka na majina yao?"

Nilivipeleka mwenyewe kwa mkokoteni wa kukodi. Viti vya plastiki vyekundu, na kimoja kilikuwa kimepasuka mguu, nikakifunga waya kwa mkono wangu. "Hiki usimpe mtu mnene," nilimwonya. "Waya unabana." Akacheka. Akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za magoti yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kwamba amepata nguvu za kukaribisha watu.

Jumatatu tulikusanyika koridoni kama kawaida. Bwana Maji alichelewa. Alikuja akijikandakanda paja.

"Samahani, Meneja. Natembea kwa tabu. Mwishoni mwa wiki nilikalia kiti chenye meno."

"Kiti au mbwa?" akauliza mmoja wa vijana.

"Kiti, bwana! Kina bandeji ya waya mguuni. Kumbe mgonjwa ni chenyewe, mimi nakikalia bila kukipa pole, kikaniuma."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu Bwana Maji hata akikwambia saa ngapi unacheka. Kisha tukaanza. Jambo la kwanza lilikuwa umeme. Ulikuwa unakatika mara kwa mara, na jenereta letu lilikuwa linakohoa kabla ya kuwaka. Nikauliza nani ana ushauri.

"Mimi naona tusihangaike na jenereta," akasema Bwana Maji. "Kama majokofu yanakwenda hospitali kubwa, kama tulivyokubaliana tulipokaa, basi..."

Mama Hadubini alianza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Mpwa wangu alitazama mfereji wa sakafuni kana kwamba kalamu yake imeingia humo.

"Mlipokaa?" nikauliza.

"Tuliposimama, anamaanisha," kijana mmoja akasema haraka.

"Hapana. Amesema tulipokaa. Mlikaa wapi?"

Bwana Maji alijaribu kucheka. "Mzee, mtu hata kukaa nyumbani kwake siku hizi ni kosa?"

Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya paja lake. Niliutazama mkono ule. Kiti chenye bandeji ya waya mguuni. Mji huu una viti vingi, lakini fundi wa kiti kile namjua, nanyoa ndevu zake kila asubuhi. Nikawatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa na jambo la kuangalia ukutani. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna aliyebaki nje ya kikao kile isipokuwa mimi niliyekipelekea viti.

Nikasema kisimamo kimeahirishwa. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mpwa wangu alinifuata ofisini, akafunga mlango.

"Mjomba."

"Daktari."

Nilimwita hivyo siku zote, kwa fahari. Siku ile lilitoka lina baridi, na yeye akalisikia.

"Nilikuwa nije nikueleze mwenyewe."

"Lini? Majokofu yakiwa juu ya lori?"

"Hospitali kubwa wana jengo jipya. Lina umeme wa akiba, lina ulinzi, lina kila kitu. Hapa tunasubiri siku ambayo kila kitu kitayeyuka. Unalijua hilo kuliko sisi."

"Nalijua."

"Mkurugenzi wao amekubali kuyapokea yote. Amenitaka mimi niwe mkuu wa kituo huko."

"Hongera."

"Mjomba, usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Mbona hamkuja kisimamoni mkayasema?"

"Kwa sababu ungekataa."

"Umeniuliza nikakataa?"

"Ungekataa, Mjomba. Kituo hiki ni wewe. Kila mtu alisema, tukimwambia mzee atasimama mlangoni na funguo mfukoni."

"Kila mtu alisema. Na wewe uliyekula nami meza moja, ulisema nini?"

Alisema, "Hatukutupi. Tumekuandalia nafasi. Utakuwa mlezi wa kituo."

Mlezi ni cheo wanachopewa wazee, waje siku za sherehe wakate utepe, halafu warudishwe nyumbani kabla jua halijawa kali.

"Ulezi nimeshaufanya," nikamwambia. "Naona matokeo yake yamesimama mbele yangu."

Uso wake ulibadilika rangi. Nilitaka kuyarudisha maneno yale, na pia sikutaka. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. "Mama alisema utaelewa."

"Kumbe mlimuuliza yeye."

Jioni ile nilikwenda kwa dada. Alikuwa ametoka kwenye mashine, mkono una pamba na plasta, miguu ameinyosha juu ya stuli. Viti vyangu vilikuwa vimepangwa kwa kubebana pembeni mwa ukuta, vimefutwa vumbi. Chenye waya kilikuwa juu kabisa.

"Karibu, kaka. Kaa."

"Nimezoea kusimama."

Akanitazama, akashusha miguu. Alijua.

"Wageni wa kikundi chenu walifurahi?" nikauliza.

"Nacho ni kikundi," akasema, akijaribu kutabasamu. "Walikunywa chai yote."

"Usinitanie."

"Sasa nifanyeje, kaka? Nilie? Mashine imenikausha, machozi yenyewe sina."

"Ulinidanganya. Ulinibebesha viti vya kukalia watu wanaonitoa."

"Yule ni mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni kaka yangu. Kaka yupo tu. Haendi popote." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema nyumba iko mahali pake. "Yule ukimnyima anaondoka. Alikuja hapa akakaa kitandani kwangu, akaniambia, Mama, nafasi hii haitarudi, na Mjomba akijua mapema hatakubali. Nikafikiri, acha wamalize, halafu nitamtuliza kaka. Wewe nimekutuliza mara ngapi katika maisha haya?"

"Sasa nitulize."

Alikuna ukingo wa plasta yake. Niliona jinsi alivyozeeka. Nami ni mkubwa kwake.

"Viti vyako ukitaka, vipo," akasema mwishowe.

"Vibaki. Huenda mkavihitaji tena."

Hilo lilimchoma kuliko nilivyokusudia, nikaliona likiingia. Nikatoka.

Nilitembea mpaka kwangu kwa miguu, magoti yakinisema njia nzima. Nilikuwa na njia moja ya kuwazuia, na wote waliijua. Siku wagonjwa walipotoa vinofu vyao, mimi ndiye niliyewaeleza makubaliano, kwa maneno ambayo hata mtu asiyekwenda shule angeyaelewa: "Vipande vyenu vitakaa hapa, kwa pamoja. Vikihamishwa mtaulizwa, na kila mtu ana haki ya kusema chake kibaki." Hakuna mkurugenzi aliyeweza kuruka maneno hayo. Wagonjwa wale walinijua mimi. Wengi wao wasingemtambua Mkurugenzi hata angewakanyaga mguu.

Kisimamo kilichofuata nilisema jambo moja tu. "Wenyewe waitwe, waulizwe."

Mpwa wangu alinifuata tena koridoni, wengine walipotawanyika. "Mjomba, fikiria. Ukiwauliza wewe, nusu watasema vibaki. Tutakuwa na nusu huku na nusu kule. Haitakuwa na maana kwa yeyote. Kazi yote itakufa."

"Makubaliano ni makubaliano."

"Najua. Sisemi wasiulizwe. Nasema..." Alitafuta neno. "Utaivunja kwa hasira."

"Ningeivunja nimesimama, lakini. Si kwa kujificha."

Siku ya wagonjwa tulifungua ukumbi wa zamani wa kupigia pasi, ulio upande wa pili wa korido. Mgonjwa hasimamishwi, hivyo tuliazima viti kila mahali: mabenchi ya kliniki, viti vya chuo. Na asubuhi hiyo mkokoteni ulifika getini na viti vyekundu. Dada alikuwa anautangulia kwa miguu yake, polepole, mkono umefungwa kitambaa. Alivishusha kimoja kimoja, akakaa nyuma.

Mkurugenzi wa hospitali kubwa alikuja na suti na maneno mazuri. Mpwa wangu akaeleza kazi inavyokwenda, na alieleza vizuri, sitamnyima. Alianza na habari mbaya: kwamba umeme wetu si wa kutegemea, kwamba tukizubaa kila kitu kitaharibika. Kisha akasema watakachopata. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Nilikuwa nimeegemea nguzo, mikono nyuma, namsikiliza kama baba anayehudhuria mahafali ya mtoto aliyemwibia.

Alipomaliza, fundi seremala mmoja akainua mkono. Ni mgonjwa wetu wa zamani, mzee mwenye vidole vilivyopinda.

"Haya yote tumeyasikia," akasema. "Mimi nataka kumsikia Meneja. Yeye ndiye aliyetuambia vitakaa hapa. Meneja, wewe unasemaje?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Mkurugenzi alitazama saa yake. Mpwa wangu alitazama miguu yake.

Kabla sijafungua mdomo, nyuma kule dada akasimama. Alishika mgongo wa kiti cha mbele yake, akapumua kwanza.

"Kabla hajasema kaka yangu, mimi nina la kusema. Yule daktari ni mwanangu wa kumzaa, mnajua. Lakini changu kikae hapa. Kikae na kaka yangu. Nimemkosea, na sina kingine cha kumpa."

Ukumbi ulivuma. Mama mmoja muuza mitumba akasema, "Na changu." Mwingine, "Changu pia kikae." Fundi seremala alipiga paja lake akasema kwa nguvu, "Basi! Si umeona? Vikae!" Nikawaona, mmoja baada ya mwingine, wakija upande wangu. Nikamwona Mama Hadubini ameweka kiganja mdomoni. Bwana Maji kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na utani. Na mpwa wangu aliinua uso, akanitazama. Hakuomba. Alinitazama kama alivyonitazama utotoni kamba za viatu zilipomshinda, akijua naweza kumsaidia na hajui kama nitakubali.

Sitadai kwamba sikuonja utamu wa dakika ile. Niliuonja. Neno moja tu lilitosha, "Asanteni," na ningebaki na majokofu yangu, nusu yake, mlango wangu wa chuma na ufunguo wangu. Yeye angekwenda kwenye jengo lake jipya na nusu nyingine. Na Mama Hadubini angeangalia makovu ya watu ambao maji yao hayapo, Bwana Maji angepima maji ya watu ambao nyama yao iko kwingine, na wote wangekaa kimya mpaka walio mbele yangu humu ukumbini waishe mmoja mmoja bila kuambiwa kilichowaua.

"Kaa, dada," nikasema.

Hakukaa. "Kaka, mimi nimesema changu..."

"Nimekisikia. Nakushukuru. Sasa kaa, unachoka."

Akakaa.

"Ndugu zangu," nikawaambia, "niliwaahidi mambo mawili. Vitakaa hapa, na vitakaa pamoja. Sasa siwezi kutimiza yote mawili. Nikiulizwa lipi lina maana, ni la pili. Kipande kimoja kikikaa peke yake hakina kazi, hata kiwe cha dada yangu. Umeme wetu mnaujua. Viende. Vyote. Anayetaka chake kibaki, haki anayo na hakuna atakayemuuliza kwa nini, lakini mimi mmeniuliza, na nimejibu."

Fundi seremala alinitazama kwa muda mrefu. "Wamekutoa," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema ubao umepinda.

"Wamenitoa, ndiyo. Lakini hilo ni langu. Vipande ni vyenu."

Wakainua mikono, polepole, kwanza muuza mitumba, kisha wengine. Dada aliinua wake mwisho kabisa, ule usio na plasta, na hakuutazama, alinitazama mimi.

Lori la baridi lilikuja mwisho wa wiki hiyo. Niliyasindikiza majokofu mpaka nje, nikihesabu mabomba na nyaya, nikiwakaripia wabebaji wasiyainamishe. Sanduku lenye namba ya dada nilililaza mwenyewe katikati ya mengine. Mkurugenzi alinipa mkono. Mama Hadubini alinikumbatia akalia begani kwangu, nikamwacha alie, nikiwa nimekakamaa kama nguzo. Bwana Maji alisema, "Mzee, kama kiti kile kisingeniuma..." "Kiti hakina kosa," nikamjibu.

Mpwa wangu alibaki mpaka lori limewashwa.

"Asante, Mjomba."

"Usinishukuru. Sikukufanyia wewe."

"Najua." Akalitazama lori. "Utakuja? Ile nafasi ya mlezi bado ipo. Kaa nasi, Mjomba."

Aliposema kaa, alimaanisha nibaki. Neno hilo hilo moja. Nilimtazama, mtoto wangu huyu, anayenizidi urefu, niliyewahi kumfundisha kufunga kamba za viatu.

"Mngeniambia siku ile," nikasema, "ningekuja nimebeba kiti changu kichwani. Ningesema viende. Umeme niliujua kabla yenu."

Nilimwona akilielewa. Nilimwona akiona kwamba yale yote, chai ya mama yake, uwongo, milango iliyofungwa, hayakuwa na haja. Aliinua mkono kama anayetaka kunishika bega, akauteremsha. Akapanda kwenye gari lililolifuata lori. Mlinzi akafungua geti. Alikuwa ameshainua mkono apige saluti yake ya mjomba, kisha naye akauteremsha.

Nilirudi ndani. Koridoni kulikuwa na kitu kigeni, nikasimama kukitafuta, mpaka nikagundua ni kimya. Ngurumo ya majokofu haikuwepo. Niliyasikia matone ya bomba la maabara, niliisikia pumzi yangu mwenyewe. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, na sakafuni mlikuwa na alama nne nne za miguu ya majokofu, nyeupe kwenye saruji.

Ukumbini viti vya watu vilikuwa vimesharudishwa kwa wenyewe. Vilibaki vyangu vyekundu, dada hakuvichukua, na sikumwambia avichukue. Nikatoa kimoja, kile cha juu, nikakiweka katikati ya korido, mbele ya chumba kitupu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa tangu nilipofika.

Magoti yalikuwa yamechoka. Nilikaa. Waya ukanibana pajani, palepale alipokuwa anapakandakanda Bwana Maji, na sikuinuka.